Madigadi ya Kitambaa Cheusi

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanivisha shada la maua ya plastiki, kisha mkanipa daftari na kalamu mbili mkisema, "Bibi, tuandikie." Nashukuru. Feni ningeifurahia zaidi, lakini nashukuru. Vyeo sitaviandika kwa sababu sikuwahi kuwa navyo. Miaka yote nilikuwa bosi wa Zuhura, yaani mimi mwenyewe, na Zuhura si mtu wa kuongozeka kirahisi. Mambo ya mshahara nayo tuyaache. Nitaandika jinsi nilivyoanza, maana nyinyi mmeikuta karakana ina glavu, barakoa na mashine ya kuvuta vumbi, mkadhani kazi hii ilizaliwa hivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesema ni, sikusema nilikuwa. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya nyumba yetu pale Mchafukoge, na kazi yangu ilikuwa sare za shule na suruali za kaki za makarani wa Posta. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Kariakoo, ambako tulizoea kupanga foleni ya sabuni, kukajaa sabuni za kila rangi na kila harufu, nami nikafurahi kama watu wote. Furaha yangu ilidumu mpaka marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa. Karani aliyekuwa akinishonesha suruali mbili kila mwaka sasa alikuja na suruali ya Mzungu mrefu, akaniomba nimkatie miguu. Nikawa fundi wa kukata miguu ya watu nisiowajua, na hata hiyo kazi haikuwa ya kila siku.

Ruksa hiyohiyo ilileta pikipiki zilizotumika. Zilifika ndani ya makontena zimegongana kama mbuzi kwenye lori, madigadi za kukinga tope juu ya magurudumu zimepasuka, makava ya pembeni yamekatika masikio. Spea za injini ungeweza kuzipata ukizunguka Kariakoo na subira yako. Kava la pembeni hukulipata hata uzunguke na subira ya jirani.

Katika chumba kilichotazamana na changu aliishi Mzee Mbwana. Alikuwa akiunda boti za faiba kwenye shirika moja la umma, shirika likapunguza wafanyakazi, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Miezi mitano alikaa kwenye baraza kando ya cherehani yangu akiitazama sindano ikipanda na kushuka. Hasalimii mtu mpaka asalimiwe. Siku moja alikuja kijana na kava la pikipiki vipande vitatu, akaniuliza kama namjua fundi wa plastiki.

"Hiyo si kazi ya plastiki," Mzee Mbwana alisema bila kugeuka. "Hiyo ni kazi ya nguo."

Yalikuwa maneno yake ya wiki nzima. Kijana alipoondoka nikamdadisi mzee, naye akanieleza kwamba faiba ni kitambaa kama vitambaa vingine. Unakikata, unakilaza ndani ya kalibu, unakilowesha kwa maji mazito aliyoyaita asali, na asali ikishaganda unapata gamba gumu lenye umbo la kalibu yako. Kinachoigandisha ni dawa, matone machache tu.

"Asali naijua mimi," alisema. "Mkono wa kukata kitambaa ndio sina, nilikuwa nakata kama nachinja kuku. Wewe unaogopa kuwashwa?"

Nikamwambia siogopi. Nilikuwa sijui ninachosema. Wahenga walituambia ukiona vyaelea vimeundwa, lakini hawakutaja kwamba muundaji anajikuna mpaka alfajiri.

Siku ya kwanza mzee alinionyesha kipimo: kopo moja la asali, kizibo kimoja cha dawa, tena kizibo chenyewe kisijae kwa sababu Dar ni joto. Akaenda kuswali adhuhuri. Mimi nikaona kizibo kimoja ni uchoyo. Nikaongeza viwili, nikakorogea kwenye bakuli la plastiki nililolikuta uani limeanikwa. Kabla sijamaliza kukoroga bakuli likaanza kupata joto, halafu likatoa moshi, halafu likalegea upande mmoja. Nikapiga kelele. Bi Sharifa, mwenye nyumba wetu, alikuwa bafuni. Alitoka na khanga moja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua, akanimwagia mimi badala ya bakuli. Lilikuwa bakuli lake la futari. Mzee Mbwana aliporudi kutoka msikitini alilitazama, akanitazama na mimi nilivyolowa, akasema, "Umeongeza dawa." Ndilo somo lote alilonipa siku hiyo, na sijawahi kuzidisha tena.

Mengine niliyajifunza kwa ngozi yangu. Kabla ya kukata faiba jipake poda ya mtoto mikononi na shingoni. Ukimaliza, oga maji ya baridi bila kujisugua, maana maji ya moto yanafungua ngozi na unyuzi unaingia ndani kukaa kama mpangaji. Kalibu ipakwe nta ya sakafu, safu baada ya safu, la sivyo kazi haitoki. Nta iliyopatikana madukani ilikuwa ile nyekundu ya kupakia sementi, kwa hiyo makava yetu ya kwanza yalitoka na weupe wa waridi kidogo. Wateja walilalamika, nasi tukawaambia itakauka. Na mteja asikae kwenye kiti cha fundi. Mmoja alikikalia amevaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, na niliambiwa hotuba yote ya msikitini aliisikiliza amesimama.

Pamoja na hayo, kazi ilikwenda. Mzee Mbwana akaanza kusalimia watu, wengine hata kabla hawajafika karibu. Mimi nikawa nikiamka nawaza kalibu badala ya mitumba. Ndipo alipokuja Bwana Kanti.

Bwana Kanti alikuwa Mhindi wa Upanga mwenye duka la spea za baiskeli mtaani kwetu, na sare za watoto wake wote nilizishona mimi. Mwanawe mkubwa alikuwa anaoa. Kwa desturi yao bwana harusi huenda kwa bibi harusi juu ya farasi, lakini farasi Dar utampata wapi, na kijana mwenyewe alikuwa ameshaamua atakwenda na pikipiki ya marehemu babu yake. Pikipiki ilikuwa nzima isipokuwa madigadi ya nyuma, iliyoliwa na kutu ikabaki kama kichujio cha tui. Bwana Kanti aliiweka mbele yangu, na juu yake akaweka kifurushi alichotumiwa na mpwa wake aliyeko Uingereza. Ndani mlikuwa na chupa mbili za asali na dawa ya aina nyingine, na kitambaa cheusi kinachong'aa, kimesukwa kwa mistari ya mshazari. Uzuri wake siwezi kuusimulia. Nilikishika nikajisikia kama nimeshika hariri yenye hasira.

"Inaitwa kaboni, mama," alisema Bwana Kanti. "Wanatengenezea ndege. Kipo hicho tu, hakuna kingine. Utaweza?"

"Ndege?" Bi Sharifa alidakia kutoka jikoni. "Mbona kina matundu?"

Nilisema nitaweza. Mzee Mbwana alikohoa, maana hata yeye kaboni alikuwa hajawahi kuigusa. Tukaziba matundu ya madigadi kuukuu kwa plasta, tukaisugua ikalainika, tukatoa kalibu yake kwa faiba ya kawaida. Hapo ndipo tulipokosea siku. Tuliitoa kalibu asubuhi ileile Bi Sharifa alipokuwa anapika pilau ya hitma ya marehemu mumewe. Mnaijua harufu ya asali ikiwa inaganda. Wageni walikula kwa heshima, lakini shehe mmoja aliuliza taratibu kama nyama ilikaangwa na rangi ya mlango.

Wageni walipoondoka Bi Sharifa aliniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Zuhura, harufu ya kazi naivumilia. Harufu ya mchezo sitaivumilia nyumbani kwangu. Mpaka leo sijajua hii yako ni ipi."

"Ni kazi, Bi Mkubwa."

"Basi tutaona. Harusi ya mtoto wa Kanti ni Jumapili na itapita barabara hii. Nitasimama mwenyewe nje. Nikiona hilo lidude limekaa kwenye pikipiki sawasawa, utaendelea hapa uani. Likilegea, likidondoka, likicheza hata kidogo, wewe na mzee wako wa asali mkatafute uani mwingine."

Uani mwingine haukuwepo. Nyumba gani Mchafukoge ingempokea mpangaji na ndoo za moshi? Nilirudi chumbani nikalia, nawaambia kweli. Nililia kwa sababu kushona kulikuwa kumekufa, na hii kazi nilikuwa nimeshaipenda. Nilimlilia na mzee, kwa kuwa nilijua angerudi kwenye baraza kuangalia sindano isiyoshona.

Hofu ikanifanya niwe mwangalifu, na uangalifu ndio ulioniponza. Fundi cherehani aliyefunzwa vizuri hakati kitambaa kipya kabla ya kukilowesha, kisije kikarudi baadaye, suruali ikawa kaptula. Kaki unailoweka, pamba unailoweka. Siku ya Jumatano Mzee Mbwana alikwenda Posta kufuatilia barua zake. Nikajisemea, kazi ya harusi hii, tena mbele ya Bi Sharifa, sitaki kisingizio. Nikachukua ndoo, nikakiloweka kile kitambaa cha ndege kwa maji na sabuni kidogo, nikakisuuza mara tatu, nikakianika kwenye kamba. Kilipoacha kudondosha maji nikakipiga pasi ya mkaa. Kilinyooka vizuri sana. Mzee aliporudi alikuta nimeshakata, naye akasifu mkasi wangu. Tukalaza, tukapaka asali ya Uingereza, tukalala.

Alhamisi alasiri tukaitoa kwenye kalibu. Ilikuwa na mabaka meupe kama kichwa chenye mapunye, na pembeni kitambaa kilibanduka chenyewe kama ganda la kitunguu. Mzee Mbwana aliipapasa. Akainusa.

"Umekifanya nini hiki?"

"Nimekifua."

"Umekifua."

"Na kukipiga pasi."

Akakaa juu ya ndoo, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza mtu mzima. Nilipomsogelea kumtaka radhi niliona anacheka. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akawa anajaribu kusema neno "pasi" na hawezi. Tangu nimjue nilikuwa sijamwona akicheka. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka kwa sababu nyingine kabisa.

Alipopata pumzi alinieleza kwamba maji na asali ni mtu na mke mwenzie, hawakai chumba kimoja. Unyevu ulikuwa umebaki ndani ya nyuzi. Kitambaa hiki hakirudi hata ukichemshe. Tukatazama kilichobaki. Asali ilikuwepo nusu chupa. Kitambaa kilikuwa vipande viwili virefu vya pembeni, kila kimoja chembamba, nusu tu ya upana wa madigadi. Navyo vilikuwa vimefuliwa.

Ijumaa kutwa tulivianika juu ya bati la jiko, na mimi nikakaa chini yake na ufito kufukuza kunguru. Kunguru wa Dar mnawajua, uzi mweusi wa kung'aa ungekuwa kiota cha kifahari Ilala nzima. Bi Sharifa alipita mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kama sasa ninafuga.

"Vimekauka," Mzee Mbwana alisema jioni. "Lakini havitoshi, mwanangu. Huwezi kuwa na kiraka katikati ya mgongo."

Hapo sasa alikuwa amegusa kazi yangu. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mtu amevaa shati la mistari lenye mfuko kifuani, na mfuko hauonekani. Akasema hajamwona. Nikamwambia ndiyo maana yake. Nikaviweka vile vipande viwili ubavu kwa ubavu, kimoja mistari yake ikilala kulia, kingine nikakigeuza ilale kushoto, nikaikutanisha katikati mstari kwa mstari, kama mifupa ya samaki inavyokutana kwenye uti. Nilitumia chaki, sindano na pumzi zangu zote. Kingo nilizibana kwa gundi ya karatasi zisifumuke. Mzee alikoroga asali kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa, bila kuongeza hata tone, akawa ananisimamia: "Gonga na brashi, usipake. Ukipaka unasogeza. Gonga." Povu lilipojitokeza nililitoboa kwa ncha ya sindano. Nyuma tukaweka tabaka mbili za faiba ya kawaida kwa ajili ya nguvu.

Jumamosi ilitoka kwenye kalibu yenyewe, kwa kugongwa mara mbili tu na kiganja. Nyeusi, inang'aa, na katikati ule mfupa wa samaki umenyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tuliifunga kwenye pikipiki kwa bolti nne. Bwana Kanti alikuwa anahangaikia wapishi, akatazama haraka, akasema asante mama, akaondoka nayo.

Jumapili ngoma zilisikika kabla hatujawaona. Bi Sharifa alikuwa ameshatoka na mwavuli, amesimama ukingoni mwa barabara kama askari wa usalama barabarani. Mimi nilisimama nyuma yake, na Mzee Mbwana nyuma yangu. Bwana harusi alikuja polepole juu ya pikipiki ya babu yake, amevaa kilemba chekundu, shada limemfunika uso kiasi kwamba sijui alionaje njia. Ndugu zake walicheza mbele yake wakirudi kinyumenyume. Walipofika mbele ya nyumba yetu msafara ukasimama ili wacheze zaidi. Mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili na nusu, alichoka kucheza. Akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya madigadi.

Nikamshika Mzee Mbwana mkono. Madigadi ilibonyea. Mjomba akajifuta jasho, akamsalimia mtu upande wa pili, akajiweka vizuri zaidi. Nilikuwa nasoma kila dua niliyowahi kufundishwa. Ngoma zikabadilika, mjomba akainuka kurudi kucheza, na madigadi ikarudi mahali pake bila hata kulalamika.

Bi Sharifa akafunga mwavuli. Aliingia katikati ya msafara wa watu, akamwashiria bwana harusi asiondoke, akainama, akagonga madigadi kwa kifundo cha kidole mara tatu kama anayechagua nazi. Akaitikisa. Akaitikisa tena kwa mikono miwili, mpaka bwana harusi akashika usukani.

"Imekaa," alisema. Halafu akanigeukia. "Uani utumie. Lakini siku ya pilau nitakwambia, na siku hiyo ushone."

Nilitaka kumkumbatia, lakini Bi Sharifa hakuwa mtu wa kukumbatiwa barabarani. Bwana Kanti naye alikuwa amefika, anapitisha kidole katikati ya madigadi, kwenye ule mfupa.

"Mama, na huu mshono? Mpwa wangu hakuniambia kuna mtindo huu. Ndiyo wa Uingereza huu?"

Nikafungua mdomo kujibu. Mzee Mbwana alitangulia.

"Huo ni wa fundi mwenyewe," alisema. "Katika wote niliofanya nao kazi, hakuna aliyewahi kufikiri kama yeye."

Hakuwa amesema uongo. Mwezi ule walikuja watu sita, wote wakitaka yenye mfupa katikati. Mzee Mbwana alifanya kazi nami miaka tisa baada ya hapo, na siku alipokuwa mgonjwa sana nilimuuliza kama amewahi kumwambia mtu yeyote siri ile. Akasema hapana, kisha akajaribu kusema "pasi", akacheka mpaka muuguzi akaja.

Nyinyi wote mmefundishwa kuukata mfupa ule siku yenu ya kwanza. Nimewasikia mkiwaeleza wateja kwamba unagawa uzito kulia na kushoto, na mmoja wenu, sitamtaja, aliwahi kumchorea mteja mishale kwenye karatasi robo saa nzima, nami nimekaa pale na kikombe changu cha chai nikitikisa kichwa kukubali. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshastaafu. Mshono ule hauongezi nguvu hata kidogo, wanangu. Nilifua kitambaa.